Madamu Hakukuita Wewe

Papa,

Ulitukataza kuanza barua na kilio. Ulisema mtu aanze na za nyumbani, aseme nani mzima na nani mgonjwa, halafu ndipo alie kama bado anataka. Basi: Mama ni mzima kwa kula, kwa kulala hapana. Mdogo wangu Shabani amerudi Kasongo kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Mpunga umeiva na ndege wanaula wapendavyo, maana mimi niko shuleni na Mama hataki kutia mguu katika shamba mlilokuwa mnalima pamoja. Mimi ni mzima.

Nimekudanganya, Papa. Si mzima hata kidogo. Naamka, natangatanga ndani ya nyumba, naanza kazi na kuiacha katikati. Wanafunzi wananiuliza kitu, nawatazama tu. Wenzangu wananiambia jikaze, Mwalimu Riziki, wewe ni mkubwa wa nyumba sasa. Nijikaze na nini?

Acha nikuambie ulivyokufa, kwa sababu najua hukuona. Tulikuwa watatu juu ya pikipiki, dereva mbele, wewe katikati, mimi nyuma nimekukumbatia kiunoni ili usianguke. Tumbo lilikuwa limekuvimba na kutoka Wamaza mpaka Kabambare njia yote ilikuwa matope. Nilikuwa nakusemesha ili usilale. "Papa, tumefika kwenye daraja." Uliitika. "Papa, tumepita ile michikichi." Uliitika kidogo. Halafu nikasema, "Papa, bado kidogo," ukanyamaza, kichwa chako kikaniangukia begani. Nikafikiri maumivu yamekuachia. Nilifurahi, Papa! Nilimshukuru Mungu njia nzima kwamba baba yangu amepata usingizi. Tulipofika hospitali, dereva ndiye aliyegeuka akakuona. Aliniambia tu, "Dada, shuka polepole."

Tulikurudisha nyumbani kwa njia ileile. Waliandika jina lako kwenye ubao wa kaburi, na watoto wa jirani wakaja kuniuliza lile ni kaburi la nani. Hawakukujua kwa jina hilo. Tangu mimi nizaliwe wewe ulikuwa Papa Riziki, sokoni Papa Riziki, msikitini Papa Riziki, na hata Mama alikuita hivyo. Roho iliniuma. Mtu anamaliza maisha yake yote, na jina lake mwenyewe linasomwa kama la mgeni.

Lakini nilikaa niandike habari ya televisheni.

Unakumbuka ulivyoileta? Ulipeleka mpunga Kasongo kwa baiskeli, tukangoja nguo na chumvi, ukarudi na televisheni imefungwa kwenye kiti cha nyuma kwa kamba za mpira. Mama alikaa chini akashika kichwa. "Eeh, Papa Riziki, hii tutaipika na nini?" Na tena ulikuwa umeanguka nayo penye kijito. Ulipowasha ile grupe, ule mtambo mdogo wa umeme ulioazima, picha ilikuja safi kabisa, lakini sauti haikuja. Uliifungua, ukaifunga, ukaipiga kofi. Picha ipo, sauti hakuna. Padri mmoja aliyekuwa anahama alikuwa amekuachia deki yake na CD za masomo ya watoto, na ndani ya CD zile kulikuwa na mwanamke mwenye miwani na nywele fupi, anasema, anasema, midomo inakwenda, na sisi hatusikii kitu.

Mtu mwingine angeiuza. Wewe ulichomoa waya wa spika iliyokufa, ukaurefusha mpaka nyuma kwenye mlango, ukaushika sikioni. Ukatuambia sauti ya Madamu ni ndogo sana, inafika kwenye waya tu, kwa hiyo wewe utasikiliza na kutuambia anachosema.

Tukaamini! Wamaza nzima ya watoto iliamini. Kila Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita, tulijaa katika chumba chetu, watoto wa msikitini na watoto wa misioni, madirisha umeyafunika kwa vitenge vya Mama, grupe inapiga kelele nje. Na kabla ya somo Madamu alitusalimu. Mmoja mmoja, kwa jina.

"Madamu anasema: Riziki, leo haukunawa uso."

"Niko, Madamu!" Nami najipangusa haraka kwa mkono.

"Madamu anasema: Zaina, wacha kucheka, utajibu wewe wa kwanza."

"Niko, Madamu!"

"Madamu anasema: Bahati, mama yako amepona? Basi mpelekee salamu."

Hakuna aliyegeuka kukutazama. Tulitazama kioo, na yule mwanamke alitutazama sisi, na alijua nani amegombana na nani, nani amelala na njaa, nani ameanza kusoma. Siku nilipokosa kwa homa, alisema mbele ya wote kwamba nafasi yangu isikaliwe. Zaina alikuja mbio kunieleza, nikalia kwa furaha kitandani. Mimi, mtoto wa Wamaza, nimeulizwa na televisheni!

Mama amenieleza baada ya mazishi jinsi ulivyokuwa unafanya. Kila Ijumaa ukitoka kuswali ulitazama CD peke yako, halafu unazunguka kijiji kuuliza. Picha ya moyo na mishipa ulikwenda nayo kwa muganga wa kituo cha afya, ukamchorea kwa mkaa kwenye kipande cha katoni. Picha za nyota ulimpelekea katekista, akakutuma kwa imamu, imamu akakurudisha kwa katekista. Mpaka watu walikuwa wakikuona unakuja wanasema, Papa Riziki amekuja tena na maswali ya mke wake wa pili. Mama anasimulia hiyo huku anacheka, halafu kicheko kinageuka na sijui nimfanye nini.

Nilipokwenda Kasongo kusoma sekondari na kulala kwa mjomba, siku ya kwanza tu waliwasha televisheni, ikaanza kusema yenyewe. Kifaransa, haraka haraka, sauti inatoka ndani ya sanduku. Nikasimama nikawaambia kwa heshima zote, "Mjomba, televisheni yenu imeharibika." Walicheka mpaka mjomba akatokwa na machozi. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilingoja atakayetuita majina na hakuja. Usiku huo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba Madamu alikuwa wewe, na sikukasirika hata kidogo. Nilitamani nyumbani tu.

Na zile kompyuta zilizoletwa shuleni kwetu, unakumbuka? Ulikuja kuzitazama umevaa kofia yako nyeupe kama unakwenda Idi. Nilikukalisha mbele ya moja, ikawaka, ikaandika maneno. Ukaniuliza inasema nini. Nikakuambia inasema, habari za asubuhi, mwanafunzi.

"Mwanafunzi gani?"

"Wote, Papa. Ndivyo inavyosalimu kila mtu."

"Basi haiwajui," ukasema, ukainuka ukaenda zako.

Nilikucheka siku ile. Na nisiseme uongo, kompyuta zile zilifundisha hesabu vizuri kuliko mimi, na watoto walizipenda, wengine walijifunza kuandika kwa vidole viwili kabla ya kalamu. Halafu betri zikafa, moja baada ya nyingine, na mtu wa kuzitengeneza hakuna. Sasa zimefunikwa kwa shuka na tumerudi kwenye ubao. Watoto wenyewe wana simu za kaka zao, wanatazama watu wanaocheza ngoma na kuanguka, wanacheka, wanasukuma kidole, mwingine anaanguka. Nikiwauliza umetazama nini hawakumbuki.

Sasa nikuambie ya arobaini.

Shabani alikuja na zawadi. Masikini, alitaka kukufurahisha. Alileta paneli ya jua na spika mpya, akaketi sebuleni na mashine yake ya kuchomea waya. Watu walikuwa wengi, wale watoto wako wote wa Jumamosi waliobaki, sasa wana ndevu na watoto mgongoni. Zaina alitoka Kasongo na mapacha. Bahati hakuja. Alikwenda kwenye mashimo ya dhahabu na tangu hapo hakuna habari yake, mama yake bado anaulizia kwa kila anayepita. Wengine walitawanyika wakati wa kukimbia vita, unajua mwenyewe.

Shabani akaunganisha, akaweka CD, akawasha. Na Madamu akasema.

Yoo, Papa. Sauti nyembamba, ya haraka, kama mtu anayetaka kumaliza aende nyumbani. Ilikuwa lile somo la taa tatu juu ya mti wa chuma. Wewe ulitufundisha hivi: taa nyekundu ni mto ukiwa mwekundu kwa matope, mvua imenyesha huko juu, usiingie hata kama mama yako anakuita ng'ambo. Ya manjano, maji yanashuka, ngoja mtu mkubwa. Ya kijani, unaona majani yanayoota chini ya maji, pita. Tulikariri hiyo kama sala. Katika sisi wote tuliokaa chumbani mle, hakuna aliyechukuliwa na mto.

Kumbe Madamu alikuwa anasema habari ya magari. Taa za kusimamisha magari mjini, basi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nasikia Kifaransa, Zaina anasikia Kifaransa, tukatazamana. Shabani akaongeza sauti, akifikiri hatusikii vizuri. Nikamgeukia Mama, nikamwuliza polepole, Papa hakujua?

"Alijua," Mama akasema. "Dereva wa misioni alimweleza vizuri. Akasema, hapa Wamaza gari zinapita ngapi? Na mto unapita kila siku."

Nikatoka nje. Sikuweza kumsikiliza yule mwanamke tena. Anasema na nani? Yeye hatujui sisi. Hakutujua hata siku moja.

Shabani alipoondoka nilikata ule waya. Usimwambie, ingawa najua huwezi. Nikaurudisha mpaka mlangoni kama ulivyokuwa. Nikasema, mimi ni mwalimu, nimesoma kuliko Papa, sauti ninayo, nitashindwa nini? Niliwaalika watoto wa darasa langu siku ya posho. Walikuja, wakakaa chini. Nikafunika madirisha. Nikasimama pale pako, nikaweka waya sikioni, nikasema, "Madamu anasema: Faida, leo umesuka vizuri."

Wote waligeuka nyuma. Chumba kizima, macho kwangu. Faida akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, ni wewe unasema."

Nikajaribu tena. "Madamu anasema: Faida, angalia mbele." Wakacheka. Mmoja akasema pengine Bluetooth imeharibika, kaka yake anaweza kuitengeneza. Walikaa kidogo kwa heshima, halafu wakaanza kutoka wawili wawili, na mimi bado nimesimama na waya wangu.

Hawana kosa. Wanajua vitu vingi ambavyo sisi hatukuvijua. Wanajua kwamba kioo hakimjui mtu, na tangu wadogo wamezoea hivyo, wala hawaoni kama wamekosa kitu. Hiyo ndiyo inanimaliza, Papa. Mtaa mzima wa watu wazima tuliolelewa na salamu yako, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuitoa ikaaminiwa. Umekwenda nayo. Hatukuirekodi, simu zilikuwepo mwishoni hapa na hakuna aliyefikiri. Mapacha wa Zaina hawataisikia, wala mtoto wangu kama Mungu atanipa.

Walipotoka wote nilibaki peke yangu na Madamu anapiga midomo kwenye kioo. Nikawa nawaza majina aliyokuwa anaita. Zaina, Bahati, Shabani, mimi, hata mbuzi wetu aliyekuwa anaingia chumbani alisalimiwa. Na hapo ndipo nilipoona. Miaka yote hiyo, Madamu hakukuita wewe. Hata mara moja. Wewe ulikuwa mlangoni unaita watu, na hakuna aliyefikiri kwamba na wewe una jina.

Nikaushika waya vizuri. Nikasema kwa nguvu, kama wewe ulivyokuwa unapambana na kelele ya grupe: "Madamu anasema: Sumaili. Sumaili Kalonda, yuko wapi?"

Jina lako, Papa. Tangu nizaliwe sijapata kulitamka, unisamehe.

Nje Mama alikuwa anatwanga. Akaacha. Tukangoja wote wawili, yeye huko na mimi huku. Hakuna aliyeitika. Baadaye akaanza tena kutwanga.

Lala salama, Papa. Mpunga nitauvuna mimi, ndege wameshiba. Waya hautarudi kwenye spika, Shabani akasirike akitaka. Watoto wakija, waje. Wasipokuja, Jumamosi nitawasha hivyohivyo, niliite jina lako kwanza, kabla ya yote, na sitazima mpaka nimekupa muda wa kuitika.

Mimi mtoto wako,
Riziki