Walicheka nikiwa sipumui

Jumatano, baada ya alasiri. Joto la kunata, umeme umekatika mtaa mzima wa Malindi, hapa Unguja, na mimi nna hasira hata chai nimeiacha ipoe.

Wacha niseme tangu mwanzo. Mimi nnakoroma. Nnakoroma vibaya, na ukoo mzima unalijua hilo, kwa sababu mume wangu Seif alinirekodi Ijumaa moja nimejilaza baada ya kula pilau, akairusha kwenye kundi la familia. Wifi zangu walicheka wiki nzima. Mmoja kanibandika jina, Boti ya Pemba. Na mimi, mjinga, nikacheka nao.

Nyumbani sikumwambia mtu kwamba nnaamka kichwa kinaniuma, kwamba nnasinzia darasani mbele ya watoto nnaowasomesha, kwamba mara nyengine nnazinduka kama mtu aliyekabwa. Niliona haya. Mwanamke kukoroma, jamani!

Kichwa kilipozidi nikenda hospitali peke yangu, wakanitoa damu, na leo nimekwenda kuchukua majibu ya vipimo. Daktari, mama mmoja mpole, kaniambia damu yangu ina dalili za mwili kuvimba ndani kwa ndani, mafuta yamepanda, na sukari nayo inanyemelea. Haimaanishi moyo umeshaugua, kasema, lakini uko hatarini, na kwa mtu anayekatika pumzi usingizini, kama anavyonishuku mimi, hatari hiyo si ya kufanyia mchezo. Kila pumzi ikikatika, hewa kwenye damu inapungua, moyo unahangaika, mishipa inaumia. Akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kunisikia nikiwa nimelala.

Nikamwekea ile rekodi.

Hakucheka. Aliirudisha nyuma, akasikiliza tena, akaniambia nisikilize hapo hapo. Mkoromo unakatika. Kimya, kimya kirefu. Ndani ya kimya hicho Seif anasikika ananong'ona, "Kafa huyo!" na wadogo zake wanabana vicheko. Halafu mimi nnashtuka, nnavuta pumzi kwa mguno, na nyumba nzima inaangua kicheko.

Nilikuwa sipumui.

Nimerudi nyumbani nimemuuliza Seif swali moja tu: mbona hukuniamsha? Nilidhani atasema hakujua. Hilo ningelisamehe, maana hata mimi sikujua. Akanijibu bila hata kufikiri, "Nlikuwa nnakusubiri ushtuke. Unafanya hivyo kila siku, ndipo panapochekesha."

Kila siku! Kumbe anapaona kila siku.

Nitafanyiwa kipimo cha usingizi, na nikiambiwa nivae mashine ya kunisaidia pumzi usiku nitaivaa, hata nikifanana na rubani wa ndege. Hilo halina mjadala.

Lakini kulala karibu na Seif, hapana. Nimempigia dada yangu Salma, aliyeolewa Uroa, nimemweleza yote, na kasema anakuja leo leo. Hakunihoji sana. Kauliza tu, "Nikikusikia umenyamaza, nikufanyeje?"

Nitikise, nimemwambia. Nitikise mpaka nikutukane.