Kumsafisha Amissi Kabla ya Sindano

Jumatatu, 10 Septemba 2007
Kadiri, mume wa rafiki yangu Zaituni, amepiga simu kliniki ya huko alikosoma, mbali mashariki. Bado wanatibu wagonjwa wa akili kwa insulini! Wanamchoma mgonjwa sindano, sukari inashuka, anazimia, kisha wanamwamsha kwa sukari. Nataka wamtibu mdogo wangu Amissi, anayesikia sauti. Daktari kauliza: amekunywa dawa za kichwa tangu lini? Tangu Bujumbura, nikasema. Miaka. Eti waliokunywa kidogo ndio wanaopona. Waliokunywa sana, sindano haiwafai.

Nimerudi nyumbani Saint-Josse kwa miguu, nalia njia nzima. Sina mwingine ila yeye.

Alhamisi, 13 Septemba
Ramadhani. Nimepata wazo! Mfungo husafisha mwili, mama alisema hivyo kila mwaka. Basi Amissi afunge, na vidonge aviache kabisa, hata baada ya futari. Mwezi ukiisha atakuwa kama hajawahi kumeza. Daktari wetu wa hapa sijamwambia. Alishasema tiba hiyo waliiacha zamani, iliua watu, na vidonge visikatizwe. Amissi si mdogo wake.

Jumamosi, 22 Septemba
Kala sambusa za futari mpaka nikamzuia. Kacheka! Mikono haitetemeki tena kama enzi za vidonge. Ya Rabi, usinionjeshe tu.

Jumanne, 25 Septemba
Sauti zimerudi. Uji kaumwaga kwenye sinki — eti nimetia sumu. Hapati usingizi. Naogopa.

Alhamisi, 27 Septemba
Nimemweleza Kadiri yote. Kapiga tena kule, kisha kaja mwenyewe, sauti ya msibani. "Bon, Nuru, shida si dawa iko mwilini leo. Ni ile miaka yote. Hata afunge namna gani, haifutike, dada." Hawamtaki. Nimemharibu bure! Najichukia.

Ijumaa, 28 Septemba
Adhuhuri. Ambulansi nimeita, wanasema iko njiani. Nimempelekea kidonge chake na maji. Kajibana ukutani.

"Da Nuru, meza wewe kwanza. Nione."

Nimefunga. Nimemeza. Mungu anaona. Nimemwambia: ukiniona mzima, na wewe utameza. Kakubali! Kakaa mbele yangu, ananitazama, anangoja kama nitakufa.

Lakini kidonge hiki ndicho kilichokuwa kikimlaza kila siku. Naandika nisisinzie. Ulimi mzito. Macho mazito. Nikilala tu, ataamini ni sumu, na hatameza tena maishani —

Kasogeza kiti. "Mbona unafumba macho?"

Sifumbi, Amissi. Sifu