Mjomba Kamnyoa Ofisa wa Uhamiaji

Wewe, acha unachofanya usome. Mjomba wangu kamnyoa ofisa wa uhamiaji. Mjomba, ambaye hata ndevu zake hunyolewa na watu.

Asubuhi alikwenda kwa kinyozi wake, yule mgeni asiye na kibali. Akakaa kitini, akaanza yale yake: wasio na karatasi warudishwe kwao wote, uraia si peremende ya kugawia kila mpita njia. Kinyozi ananyoa tu, anaitikia, "Ndiyo, mzee."

Kichwa kimefika nusu, gari la uhamiaji likasimama mlangoni. Kinyozi akaganda. Mjomba akamtazama, akamsukumia kwenye chumba cha mataulo, akaikamata mashine.

Ofisa akaingia. "Kinyozi hapa ni nani?"

"Mimi."

"Mbona umenyolewa nusu?"

"Nilikuwa najinyoa, mkaniingilia."

Yaani alijibu hivyo, uso mkavu kabisa. Najinyoa, mkaniingilia. Ofisa akacheka, akaketi. "Haya, nipunguze na mimi."

Mjomba akapitisha mashine huku na kule mpaka kichwa cha watu kikatoka ngazi ngazi.

Nimemuuliza kwa nini alijitosa. Kanijibu, "Mimi nilikuwa nawasema wale wengine. Huyu namjua."

Sasa balaa lenyewe: ofisa kajipenda. Jumamosi anaoa, na kasema hataki kinyozi mwingine.

Hapa ninapokuandikia, kinyozi yuko sebuleni kwetu anamfundisha Mjomba kazi. Kichwa cha kujifunzia wamechagua cha Baba. Baba yuko usingizini kwenye kochi, hana habari.