Sungura Aliyelala Karibu na Tundu

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Muscat hatujambo, na magoti ya babu yako yamepata nafuu. Umeniuliza namna ya kuishinda ile mashine ya makucha ya kunasia midoli hapo Kariakoo, umpatie mdogo wako dubu.

Usichanani mwangu ililetwa moja viwanja vya Mnazi Mmoja, sikukuu ya Idi. Nilikwenda na Hansa, jirani yetu wa Mchafukoge, ambaye familia yake ilikuwa inahama kesho yake. Nilitaka aondoke na zawadi yangu. Nikaukazania mdoli mkubwa, uliofukiwa na mingine. Makucha yakaushika, yakauachia.

"We shoga, mbona unang'ang'ania uliozikwa?" Hansa alicheka. "Mchukue yule sungura, kalala peke yake karibu na tundu la kutokea zawadi."

Nikayashusha makucha tumboni mwake, si kichwani. Akainuka, akadondokea tunduni. Hansa akaondoka naye, na sikumwona tena.

Basi nawe tafuta aliye karibu, asiyelaliwa na mwenziwe. Mimi ushauri huo umenishinda. Kila Idi natamani vya mbali: ule uwanja, na kicheko cha Hansa.

Bibi yako anayekuwaza