Kikohozi cha Haji

Jumatano, Februari. Joto la kaskazi, na hata feni ya hapa nilipo inazunguka kivivu.

Naandika haya Mlandege, hapa mjini, kwenye duka la intaneti, jenereta linanguruma nje ya mlango na mimi namwomba Mungu lisizime kabla sijamaliza. Ndiyo, najua inachekesha. Mtu ambaye kazi yake ni kupeleka umeme vijijini anaandika kwa umeme wa kulipia kwa saa.

Leo nimefanya jambo mbele ya kijiji kizima na hakuna hata mmoja aliyeliona. Kwa hiyo naliandika.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mradi wetu unataka kujenga shamba la jua katika kijiji kimoja cha kusini, ambacho sitakitaja. Paneli zitakaa kwenye uwanda wa mawe nyuma ya kijiji, pahali pasipoota kitu isipokuwa vichaka vinavyopendwa na mbuzi. Uwanda ule ni wa mitaa yote mitatu, Pwani, Kati na Juu, na yote mitatu imekubali kuutoa. Hoteli ya ufukweni itanunua sehemu ya umeme, sehemu iliyobaki ni ya wanakijiji. Mpaka hapo kila mtu anafurahi.

Tatizo ni nguzo na nyaya. Zilizopo zinatosha mtaa mmoja tu kwa sasa. Wa pili utangoja mwakani, wa tatu mwaka unaofuata, Mungu akipenda na wafadhili wakitukumbuka.

Mtaa wa Juu anakaa mama yangu mdogo, Bi Zuhura. Aliolewa huko na mwalimu, akafiwa, akakataa kurudi mjini. Ana sukari. Dawa yake ya sindano inataka baridi, na baridi yake ni mtungi uliofukiwa kwenye mchanga ulioloweshwa maji uvunguni mwa kitanda, pamoja na barafu anayoletewa na jirani yake, Haji, anayefanya kazi jikoni hotelini. Siku barafu isipokuja, huishika ile chupa ndogo na kujiuliza kama dawa bado ni dawa. Muda wote wa kupanga mradi huu sikuwahi kumwambia mtu yeyote ofisini kwamba kichwani mwangu mna friji moja ndogo.

Sikusema kwa sababu naogopa kusemwa.

Babu yangu alikuwa na mashamba makubwa katika kisiwa hiki, kabla ya mapinduzi. Watu wa umri fulani wakisikia jina la ukoo wetu huniangalia mara ya pili, halafu huendelea na mazungumzo kwa adabu. Kwa hiyo mimi, popote penye kugawana, hurudi nyuma hatua moja ili asitokee wa kusema ni wale wale, waliozoea kujigawia wenyewe.

Asubuhi tulifika na mpango wetu tayari: Pwani kwanza, kwa kuwa iko karibu na hoteli na waya utakuwa mfupi. Bwana Simon, mhandisi wetu, mtu wa bara mwenye subira nyingi, aliueleza vizuri. Watu walisikiliza mpaka mwisho. Kisha mama mmoja akauliza kutoka nyuma, "Sasa mmetuitia nini, na nyie mshagawa huko kwenu?"

Sheha, mkuu wa kijiji, ndiye aliyetuokoa. Akasema basi tugawane kama ng'ombe wa sadaka. Huko kwao nyama hupangwa mafungu juu ya majani ya mgomba, mtu mmoja anayapa mgongo, mwingine anaonyesha fungu kwa kidole na kuuliza ni la nani. Asiyeona ndiye anayetaja. Baada ya hapo hakuna wa kubisha, hata aliyeangukiwa na mifupa mitupu.

Bwana Simon alikubali. Nafikiri alikuwa ameshachoka, lakini alikubali. Ukaletwa mkeka, ukakung'utwa, ukatandikwa uwanjani mwa skuli. Juu yake vikawekwa vifuu vitatu vya nazi: kimoja na glopu, yaani balbu, kimoja na kipande cha waya, kimoja kitupu. Glopu ni umeme mwaka huu, waya ni mwakani. Kitupu ndicho cha kungoja kuliko wote.

Akatafutwa wa kupa mgongo.

"Huyu binti wa mjini, hana mtaa."

"Ana mama yake mdogo Juu."

"Basi?" akasema sheha. "Kwani ana macho kisogoni? Njoo, Bi Salma."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Walijua mimi ni mtoto wa nani na bado wakaniita. Hilo ndilo linaloniuma zaidi jioni hii.

Wa kuonyesha alikuwa Haji, yule yule wa barafu. Nilikuwa namjua kwa kusikia tu. Leo ndiyo tumeonana mara ya kwanza, na alipotupokea aliniambia, "Mama yako nnamwona kama mama yangu. Leo itakuwa kheri, inshallah." Nilifurahi wakati ule. Dakika chache baadaye nilikuwa nimeuelekea ukuta wa skuli, nyuma yangu kimya, na katika kimya kile nikasikia Haji akikohoa. Kifupi, mara mbili.

"Hili la nani?"

Sikuwa na shaka hata kidogo: ananipa ishara. Hili ndilo glopu, taja Juu. Na Juu ilikuwa mdomoni tayari, nimetoka nayo mjini.

"La Pwani," nikasema.

Vigelegele vikapanda. Nikageuza shingo: glopu.

Mara ya pili hakukohoa. Nikataja Juu, na kikawa kifuu kitupu. Hiyo ilikuwa bahati mbaya tu. Ile ya kwanza haikuwa bahati.

Nilikwenda kwa mama mdogo huku nikijisifu kimoyomoyo. Nimeikataa hila! Nilikuwa hata nimeanza kumdharau Haji kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ushakula?"

Akanipakulia wali na mchuzi wa pweza. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu. "Ndiyo kura," akasema. "Nshangoja mengi." Hapo ndipo nilipoinama na kumnong'oneza habari ya kikohozi, na jinsi nilivyokataa.

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Haji? Haji ana pumu tokea mdogo! Kung'uta mkeka mbele yake uone. Hata msikitini washamzoea."

Halafu kicheko kikakatika. Alikuwa amelifikia lile jambo jengine nililolisema.

"Kwa hivyo Pwani umeitaja kusudi."

"Ndiyo, mama."

Aliinuka, akaenda kuinama uvunguni, akautazama mtungi wake. Aliinama pale kwa muda mrefu kuliko mtungi ulivyohitaji. Ningalipenda anigombeze.

Nikamwambia nitarudi kwa sheha, mafungu yagawiwe upya.

"Watasema umerudi kwa ajili yangu," alijibu bila kugeuka. "Na mie ndiye nnayekaa nao. Wewe unakwenda zako mjini."

Tangu hapo najiuliza. Tuseme kikohozi kile kingekuwa ishara kweli. Si ningegeuka tu, nikasema nimesikia kitu, tafuteni mtu mwengine? Jambo jepesi kabisa, na halikunijia. Niliona njia mbili tu, kumpendelea mama mdogo au kumdhulumu, nikachagua ile ambayo mimi ningeonekana mwema. Nimejionea haya nafsi yangu. Na kijana wa watu nimemfanya mwizi moyoni mwangu, bila yeye kujua.

Nilipotoka nilipishana naye mlangoni. Mkononi ana mfuko wa barafu, unachuruzika mpaka kwenye ndara zake. Akakohoa, mara mbili, kama pale uwanjani.

"Pole, Bi Salma," akasema. "Na mimi nilitamani iwe Juu."

Alitamani, na glopu alikuwa akiliona kwa macho yake. Akaonyesha tu na kuuliza, kama alivyotakiwa.

Kesho nakwenda tena. Mama mdogo atakasirika, na ana haki. Sitasema neno juu ya friji wala sitaomba kugawa upya. Hilo ni lao kuamua. Nitamwomba sheha awaite watu wa mitaa yote mitatu, nisimame pale pale penye mkeka, niwaeleze nilichosikia, nilichodhani na nilichofanya.

Wakisema ni wale wale, na waseme. Safari hii nitakuwa nimewaelekea.