Msalaba Wako Ulionekana Nchi Nzima

Korogwe, Jumapili ya pili ya Februari.
Miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke Kasulu. Mwaka mmoja na nusu tangu nikuache chini ya udongo.

Baba,

Bado nakata mkonge, na viganja vimekuwa kama gome. Lakini leo sikuandikii uchovu. Naandika kwa hasira, na darasa langu la tano utalivumilia.

Unakumbuka tukienda mnadani Buhigwe, ulivyokuwa unasimama dirishani kwenye lile duka lenye televisheni? Mtangazaji akisema habari za mchana, wewe unavua kofia: "Nzuri, mwanangu. Sijui ninyi huko." Watu wanakucheka. Unaniambia, "Waache. Mtu akikusalimu, unaitikia."

Siku hizi televisheni hatuifuati dukani. Vituo vinarusha matangazo mtandaoni saa ileile. Unatazama kwenye simu, na ukitaka unaandika neno lako pale chini. Juzi wakati wa kula, Selemani wa Kibondo, ninayelala naye chumba kimoja, akaniita: "Wa Kasulu, njoo uone kwenu!" Kilikuwa kipindi cha wakulima, mubashara. Nani amesimama pale? Baba mdogo, mdogo wako wa tumbo moja, amevaa koti lako la kaki.

"Shamba hili ni langu," anasema. "Marehemu kaka yangu hakuacha mtoto."

Hakuacha mtoto, Baba! Na mimi ndiye niliyemwachia shamba alitunze mpaka nirudi. Nyuma yake nikauona msalaba wako. Minyaa niliyoizungushia kaburi kwa mikono yangu imeng'olewa yote. Amepanda tangawizi mpaka juu ya kifua chako.

Nikapiga kelele kwenye simu. Wenzangu wakacheka: "Anakusikia?" Basi nikaandika pale chini: "Marehemu ana mtoto. Ni mimi, niko Korogwe. Muulizeni minyaa ya kaburini iko wapi."

Dada mtangazaji wa kipindi akayasoma yote kwa sauti. Mpiga picha akageuzia kamera msalabani. Baba mdogo akasema hao ni wahuni wa mtandaoni. Hapo jirani yetu mama Nestori, aliyekuja kutazama kamera, akapaza sauti: "Mwongo wewe! Mtoto yupo, matanga tulikaa naye!" Majirani wakamzomea baba mdogo, na hakuna wa kukata matangazo, maana ilikuwa mubashara. Sijala ugali mtamu kama wa mchana ule.

Wewe uliwaitikia miaka yote, Baba, hawakukusikia. Mimi wamenisikia.

Jioni baba mdogo akanipigia. "Umeniaibisha."

Nikamwambia, "Bado."

Sasa anataka yaishe kimyakimya, eti sisi damu moja. Najua wewe ungemsamehe. Mimi sitaki. Na usinijie ndotoni kumwombea.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Aprili, mvua zikiwa bado zipo na tangawizi yake haijakomaa. Nitawaita majirani walewale. Lala, Baba. Siku hiyo ukisikia jembe juu yako, usishtuke. Atakayelishika ni yeye, ang'oe shina moja moja na kurudisha minyaa mche kwa mche. Mimi nitakuwa nimesimama pembeni, nimevaa koti lako.

Wiki ya kwanza ya Mei niko nyumbani.

Mwanao, uliyemwacha.