Tundu Moja, Mkono Mmoja

Dada Tru,

Kwanza nikulaumu, halafu tutaongea kama watu.

Fundi haondoki na kazi mezani. Hayo ni maneno yako, si yangu. Asubuhi ile ulisema kichwa kinakugonga, ukachomeka sindano kwenye bega la joho la Bi Salma, ukaniambia unaenda mara moja kupima presha. "Usinigusie hilo joho, wee Hesabu. Narudi." Ukashuka ngazi na miguu yako mwenyewe. Hukurudi. Na ile sindano ikabaki pale pale ulipoichomeka, na mimi nikawa napita mbali na ile meza kama mtu anayepita mbali na mbwa.

Sasa nakupa habari, maana najua ungeuliza.

Duka letu la hapa Maskati liko pale pale Ruwi, juu ya kinyozi. Eyakondishini bado inalia machozi na ile ndoo yako bado iko chini yake. Kinyozi alipanda siku ya tatu akiwa na sahani ya biriani, akaiweka, akasimama, akakosa Kiswahili na mimi nikakosa Kihindi, akashuka. Tulielewana vizuri sana. Kiti chako nimekirundikia sare za hoteli. Si kwamba sina pa kuziweka. Kikiwa kitupu, mkono wangu haufanyi kazi.

Mwili wako ulisafirishwa mpaka nyumbani Mumias, na huku sisi tukakufanyia ibada. Tru, watu walijaa. Wasichana wanaofanya kazi za majumba Qurum waliomba ruhusa kwa madamu zao, wengine walikuja na aproni chini ya baibui. Kwaya iliimba, ikashangiliwa. Halafu yule mzee wa kanisa akasimama kusoma maisha yako. Ulizaliwa wapi, ulisoma wapi, watoto wako, wokovu wako. Na kuhusu kazi? "Dada yetu alikuwa akishona." Basi. Akageuza karatasi.

Nilikunja ngumi mpaka pete ikaniumiza. Kushona! Mimi ndiye niliyekuwa nikishona. Kule kiwandani Rusayl nilishona ovaroli, mfuko wa kushoto tu, mia na ishirini kwa zamu, na nilikuwa wa kwanza kwenye laini. Hakuna aliyenibeba kunitoa kule. Nilijitoa mwenyewe, na cherehani yangu nilinunua mwenyewe. Kwa hiyo najua kushona ni nini. Wewe hukuwa unashona. Wewe ulikuwa unairudisha nguo pale ilipokuwa kabla haijaumia. Unafungua pindo la ndani, unachomoa uzi wa nguo yenyewe, uzi uliochakaa nayo na kufifia nayo, unaufuma kwenye tundu mpaka tundu linasahau kwamba lilikuwa tundu.

Nilitaka kusimama niwaambie. Halafu nikajiuliza, nitawaonyesha nini? Mwashi akifa, ukuta upo. Mpishi akifa, watu wanakumbuka pilau. Nusu ya wanaume wenye suti katika zile ofisi za Qurum wamevaa mkono wako na hawajui. Ukifanya vizuri, huonekani. Ukionekana, umeharibu. Kazi gani hiyo, dada? Miaka yote ile, na huna hata mahali pa mtu kuweka kidole aseme, hapa alikuwepo Truphena.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko hata jeneza. Na ndiyo maana lile joho likawa shida.

Bi Salma alikuja baada ya arobaini. Unamkumbuka alivyo, mtandio wa hariri na udi wa kutosha mtaa mzima. Alikaa, akalia kidogo, akajifuta, akasema, "Mwanangu, Mungu amrehemu mwenzio. Nnaona haya kukuuliza. Lakini mjukuu wangu anaoa, na joho la marehemu babaangu liko kwenu. Kalivaa babaangu Unguja siku yake, kalivaa mume wangu hapa Maskati. Nnataka mtoto alivae. Jipya naweza kununua, lakini jipya halinijui."

Nikamwambia litakuwa tayari. Mdomo wangu huo.

Alipoondoka nikalibeba hadi dirishani. Tundu la nondo, kwenye bega la kulia, ukubwa wa kifungo cha koti. Nyuzi za wima ulikuwa umezilaza zote. Za mlalo ulikuwa umepitisha zaidi ya nusu kidogo. Ulipoishia, sindano.

Na wewe ulikuwa na sheria. Tundu moja, mkono mmoja. Nakumbuka ulipoletewa koti ambalo fundi mwingine alilianza akaliacha. Hukuendelea naye hata uzi mmoja. Ulifumua kazi yake yote, ukaanza upya. Nilikuuliza kwa nini, mbona yake ni safi? Ukasema, "Mkono ni kama sauti. Wimbo ukianzishwa na huyu na kumaliziwa na yule, kila mtu atasikia pale walipobadilishana." Na mimi mkono wangu naujua. Wa kiwandani. Unavuta. Nikiunganisha na wako mlegevu, lile bega litajikunja kama midomo ya mtu aliyekula ndimu.

Nikapiga hesabu, maana ndivyo ninavyofanya nikiogopa. Nyuzi nzima zilizobaki kwenye pindo zinatosha kuziba tundu lote kuanzia mwanzo, na zinabaki nne. Kwa hiyo sheria inasema nifumue, hesabu inasema nifumue, na Bi Salma angepata bega laini la mkono mmoja. Kilichobaki ni kuchukua ncha ya sindano na kutoa, moja moja, mishono ya mwisho uliyoifanya duniani.

Sikuweza kufumua. Na kuendelea pia sikuweza. Nikalifunika kwa kitambaa cheupe, mwezi wa kumi ukaingia.

Mwezi wa kumi unajua ni nini.

Musyoka wa baa alinipigia simu. "Bia za maboga za mwaka huu zimefika. Uje." Nikamwambia bila Truphena siji. Akasema, "Sasa mimi nitamuuliza nani?" Kumbe na yeye amefiwa. Nikaenda.

Kila kitu kilikuwa vile vile. Ile hoteli hapo Qurum, alasiri kabla baa haijafunguliwa, yule mpishi wao Mjerumani amebandika majani ya karatasi, mekundu na manjano, kaunta nzima, ati ndiyo majira ya majani kupukutika, na nje jua linakaanga magari. Musyoka amepanga chupa sita na vile vigilasi vidogo. Amesahau, au hakusahau, ameweka viti viwili.

Nikakumbuka mwaka wa kwanza uliponileta. Wakakuita wewe kwa sababu Musyoka alisikia kwamba mama yako alipika busaa, ile pombe ya nafaka, na wewe uliionja tangu ukiwa na meno ya utoto, na yeye kazi yake ilikuwa kuchagua bia mbili tu za kuwauzia Wazungu. Ukakaa pale na subana yako bado kidoleni, ile kofia ya chuma, ukawa unaigongesha kwenye gilasi. Hukuwa na maneno ya wanywaji, ulikuwa na ya kwetu. Ya kwanza ukasema, "Hii ni poliesta. Inang'aa, ndani hamna kitu." Ya pili, "Hii ni sufu nzuri lakini imefuliwa na maji ya moto." Musyoka alikuwa anaandika huku anacheka. Mimi nilikuwa nazipa alama juu ya kumi, na wewe unanizomea, "Wee Hesabu, weka kalkuleta chini. Bia si mtihani wa darasa la nane."

Na kila mwaka, mwishoni, swali lile lile. Unaweka gilasi chini, unamtazama Musyoka kama mtu aliyeibiwa. "Sasa boga liko wapi? Mdalasini nimeuona. Karafuu nimeziona. Tangawizi na kungumanga, wote wapo, wamekuja na jamaa zao. Mwenye harusi yuko wapi?" Musyoka anakuapia kwamba liko humo, limeandikwa kwenye chupa. "Chupa ingekuwa ya kuaminiwa," unasema, "hata mimi ningeandikwa mrefu."

Hukulipata. Uliondoka hujalipata.

Siku hiyo nilikunywa cha kwanza kama ninavyokunywa kila kitu, kwa haraka nimalize niende. Nikasikia sauti yako, si ya mzimu, usinicheke, ya kumbukumbu tu: "Usivute. Acha ije." Uliniambia hivyo kwa bia na ukaniambia hivyo kwa uzi, na miaka yote hiyo nilidhani ni mambo mawili. Kwa uzi ulikuwa unapumua nje, polepole, na uzi unapita na pumzi yako, huuburuti. Kwa bia ulikuwa unafumba macho.

Nikafumba macho. Gilasi ya nne, ile ya chupa fupi ya kahawia. Mdalasini ukaja, ukapiga kelele zake. Nikangoja. Karafuu zikaja. Nikameza, na hata nilipomeza nikangoja. Viungo vyote vikaondoka kimoja kimoja kama wageni, na nyumba ilipokuwa tupu, Tru, kule nyuma ya ulimi kabisa, kikabaki kitu. Chenye utamu wa chini chini. Kama boga lililochemshwa na ganda lake, ukifunua sufuria asubuhi likiwa limelala. Lilikuwa humo muda wote. Halionekani kwa sababu ndilo lililobeba wengine.

Nililia pale kaunta, mbele ya majani ya karatasi. Musyoka akadhani bia ni mbaya. Nikamwambia iweke hii, na akauliza naipa alama ngapi, nikasema saba. Wewe ungeipa sita na nusu, najua. Tutabishana.

Kesho yake nikaondoa kitambaa cheupe. Sikufumua. Nilianza pale sindano ilipokuwa, sindano ile ile. Uzi wa kwanza nikauvuta, bega likajikunja, nikautoa. Wa pili hivyo hivyo. Nikaweka mikono chini, nikapumua nje kama wewe, nikaacha uje. Ukaja. Kwa kipande kidogo kama kile mimi wa Rusayl ningemaliza kabla ya chai. Nilitumia wiki nzima, na jirani akapanda kuuliza kama cherehani zetu zimekufa, mbona kimya. Siku ya mwisho nikapiga pasi kwa kitambaa chenye unyevu, nikalipeleka dirishani. Sikuona mahali tulipobadilishana. Mimi mwenyewe, Tru, ninayejua, sikuona.

Bi Salma akaja na miwani miwili, wa kuonea mbali na wa kuonea karibu. Akaligeuza, akalileta kwenye mwanga, akakunja uso. "Mwanangu, tundu lenyewe lilikuwa bega gani?"

Najua ungefanya nini hapo. Swali hilo ndilo ulilolipenda kuliko shukrani. Ungetabasamu, ungesema, "Nimesahau, mama," ungelikunja, umalize. Na mimi nilitaka kunyamaza, nilitaka kweli. Lakini nilikuwa nimebeba ile "alikuwa akishona" tangu siku ya ibada na ilikuwa imenichosha mgongo.

Nikashika kidole chake, nikamwambia, Bi Salma, vua miwani. Fumba macho. Nikakipitisha polepole begani, maana jicho halioni lakini ngozi inajua, pale kuna unene kidogo tu, kama kovu la utotoni. "Hapa ni Truphena," nikamwambia. Nikakisogeza upana wa punje ya mchele. "Kuanzia hapa ni mimi."

Akakaa na macho yamefumbwa. Kidole kikarudi kwako. Kikakaa kwako.

"Kumbe hakukuacha peke yako," akasema. Halafu akaniuliza jina lako kamili, la baba na la babu, kama wanavyouliza wenyeji wa huku, na akalirudia mpaka akalishika. "Basi ntamwambia bwana harusi, khasa nimwambie. Asije akadhani kasimama mwenyewe. Begani kashikwa na watu."

Alipoondoka nilihamisha zile sare kutoka kwenye kiti chako. Sasa ninakaa mimi hapo. Mwanga ni mzuri zaidi, ulikuwa umejipangia vizuri. Kiti changu ndicho nimekirundikia.

Sheria yako nimeivunja, na sitakuomba msamaha, umeniachia kazi mezani. Lakini nakuahidi mawili. La kwanza, kila mwezi wa kumi nitakaa kwa Musyoka, nitafumba macho, na boga likija nitakutajia. La pili, nikija kuitwa nami sindano ikiwa katikati, atakayeikuta nimeshamwandikia ukutani, kwa herufi kubwa, juu ya meza: asifumue. Apumue nje, aendelee.

Lala, dada. Usivute.

Ni mimi, Hesabu wako.